Reli Ikifika Nyamira, Ikam na Waifai

Wasee wa Nyamira na Getembe, rada ni hii. Ramani ya SGR ya kutoka Naivasha kwenda Kisumu, kilomita 262, imechora reli ikipita Narok, Bomet, mpaka Nyamira. Gusii yetu haijawai kuwa na treni. So mimi nadai kitu moja: siku treni ya kwanza itapita, ikuwe na waifai ya ukweli, na tuanze kuidai saa hii.

Mbona nakazana hivi? Juu mbogi ya huku inakula online. Panda nganya ya usiku ya kuenda Nairobi ucheki. Msee wa campo anamalizia assignment. Mwingine ako na mteja Marekani anangoja kazi kabla kukuche. Manzi wa Keroka anauza mitumba kwa WhatsApp, na maoda zinaingianga usiku, watu wakishatoka job. Hiyo safari ya Sotik, Bomet na Narok inakula masaa sita, saba hivi, na kila mtu anachoma bando yake. Ikiisha ndio imeisha. Hapo katikati ya Narok na Mai Mahiu hata ukiwa na doh ya kununua ingine, network yenyewe inaeza kukuruka.

Mathree zilishatuonyesha venye hii kitu inaeza kuwezekana. 2014 Safaricom walileta Vuma Online, waifai ya free ndani ya mat, na wasee wa Nairobi wakaanza kuchagua gari juu ya intaneti, si ngoma na graffiti peke yake. Baadaye kampuni ya BRCK, wasee wa hapo hapo Nairobi, wakaleta waifai yao inaitwa Moja, ikafika hadi Rwanda. Hiyo ndio ilinibamba zaidi. Kaboksi ka BRCK kalikuwa kanaeka video, ngoma na vitabu ndani yake kenyewe, so hata gari ikiingia mahali hakuna network, abiria bado ako na kitu ya kucheki. Hiyo ni akili ya msee anajua barabara za Afrika, na inafaa milima zetu kabisa.

Lakini pia nimeona upande ingine. Nimeshapanda gari imepigwa stika kubwa ya waifai mlangoni, nauli ikapandishwa mbao juu yake, na ndani hakuna kitu. Ukiuliza konda anakuambia ruta imeenda kutengenezwa. Hiyo ni kuibia watu, na sitaki tuone ikirudiwa kwa treni.

Kazi ya waifai yenyewe inaendanga hivi. Ruta ndani ya gari inashika network ya simu kwa simkadi, halafu inagawa. Mkiwa kumi na nne ni fiti. Treni inabeba mamia, so simkadi moja itakufa hapo hapo. Tena behewa ni chuma, na chuma inafungia signal nje, ndio maana antena lazima ikae juu ya paa. Halafu kuna spidi. Treni ya abiria ya Madaraka Express, ile ilianza Mei 31, 2017, inafika kilomita 120 kwa saa. Hiyo ni kilomita mbili kila dakika, yaani unaruka mlingoti mmoja hadi mwingine kabla usome meseji mbili. Ka hakuna milingoti kando ya reli, ruta iwe ya bei gani, haitasaidia. Na huku kwetu mlima moja tu unaeza kuzima bonde mzima.

Ndio maana nasema idaiwe mapema. Wakichimba reli, wazike faiba kando yake siku hiyo hiyo, wasimamishe milingoti, waeke antena kwa paa ya behewa. Kurudi kuchimba tena baadaye ni doh mingi, na nani atarudi juu ya vijana wa Nyamira?

Kitu ingine, na hii ni ya kila mtu ata kwa mat: waifai ya bure usiitumie kuingia benki ama kuweka PIN. Msee yeyote anaeza kufungua hotspot yake, aite jina la gari, aanze kusoma vitu zako. Mambo ya doh fanya na data yako, hata ka ni ya finje.

Mathe na buda wataenda baraza kuuliza juu ya fidia ya shamba, na wako sawa, shamba ndio maisha. Sisi pia twende. Katiba ya 2010 inatupea haki ya kusikizwa kabla miradi ipite kwetu. Chifu akiitisha mkutano, usibaki base. Simama, sema jina, uliza: waifai iko kwa plani ama haiko? Na hakikisha jibu limeandikwa.