Sanaa ya Kikristo Bonde la Nile (4): Kanisa Kuu la Faras na Kuta Zetu

Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 15, 2023 vimeiletea Uganda wakimbizi wengi, na Kampala inawaona kila siku. Hasara nyingine ya vita hivyo haizungumzwi sana hapa. Makumbusho ya Taifa ya Khartoum, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yameporwa. Jeshi lilipoitwaa tena sehemu hiyo ya mji Machi 2025, makabati yalikutwa matupu na chumba cha dhahabu kimekombwa. Humo ndimo ilimohifadhiwa sehemu kubwa ya picha za kanisa kuu la Faras, hazina ambayo kila Mkristo wa Afrika Mashariki angepaswa kuijua kwa jina.

Waliofuatilia mfululizo huu wanazifahamu falme za Kikristo za Nubia na ujumbe wa padre Juliano wa mwaka 543, uliopeleka Injili huko. Basi tuingie moja kwa moja kanisani.

Faras ilikuwa mji wa Nubia ukingoni mwa Nile, karibu na ulipo leo mpaka wa Sudan na Misri. Maji yanayotoka Jinja yalipita mlangoni pake. Mwaka 707 Askofu Paulo alijenga kanisa kuu na kuacha mawe ya msingi yaliyoandikwa Kigiriki na Kikopti. Mwishoni mwa karne ya 10, Askofu Petro alilikarabati. Alichorwa ukutani akiwa amevaa mavazi kamili ya ibada, na nyuma yake Mtume Petro amemwekea mikono mabegani. Uso wa mtume ni mweupe. Uso wa askofu ni wa kahawia iliyokolea. Ni askofu Mwafrika, amechorwa nchini kwake, takriban miaka 900 kabla wamisionari wa kwanza hawajafika kwa Kabaka Mutesa I mwaka 1877. Tena hakuwa peke yake: katika kanisa hilohilo iliandikwa orodha ya maaskofu 27 wa Faras. Anayesimama Rubaga kwenye kaburi la Joseph Kiwanuka, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kupewa uaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1939, akumbuke kwamba ukoo huo una mizizi mirefu kwenye mto wetu wenyewe.

Picha ambayo Uganda ingepaswa kuililia zaidi ni ile ya vijana watatu katika tanuru la moto, wa Kitabu cha Danieli. Wamesimama katikati ya ndimi za moto, na Malaika Mkuu Mikaeli amewakunjulia mabawa. Vijana waliokataa amri ya mfalme wakatupwa motoni: ni nani asiyewafikiria hapo Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa Namugongo Juni 3, 1886? Picha hiyo ilipelekwa Khartoum.

Kuokolewa kwake ni kisa kizima. Bwawa la Aswan lilikuwa linakuja kuizamisha Faras, na kati ya 1961 na 1964 wataalamu wa Poland wakiongozwa na Profesa Kazimierz Michałowski walichimba na kulikuta kanisa limejaa mchanga hadi juu. Mchanga ndio uliolitunza. Walihesabu picha zaidi ya 120. Kila picha ilifunikwa kwa karatasi laini ya Kijapani, ikapakwa nta iliyochanganywa na utomvu, kisha ikapigwa pasi ya moto ili karatasi ishike rangi. Baada ya hapo lipu ilikatwa kwa msumeno kutoka nyuma, polepole, na picha ikalazwa juu ya ubao. Zaidi ya 60 zilikwenda Warsaw, nyingine zikabaki Sudan.

Mafundi wa Faras walitumia vitu vya kawaida kabisa: udongo mwekundu na wa njano, masizi na chokaa, juu ya lipu ya matope iliyokwisha kukauka. Walipotaka picha mpya, walipaka lipu mpya juu ya ile ya zamani. Kwa hiyo wachimbaji walikuta picha juu ya picha, na ya chini ingali hai.

Hapa Kampala makanisa makuu yetu yanatazama Ulaya ya zama za kati. Namirembe, lililokamilika mwaka 1919, lilisanifiwa na Mwingereza Temple Moore, na Rubaga, lililotabarukiwa mwaka 1925, lilifuata mtindo wa Romanesque. Hayo mawili yana watu wa kuyalinda. Wasiwasi uko kwenye parokia ndogo na vigango, ambako picha zilizochorwa na mafundi wa mahali hapo hufunikwa kwa rangi ya mafuta kila jubilei inapokaribia. Rangi hiyo ikishagandamana na mchoro, kuitoa bila kuuharibu mchoro ni kazi ngumu mno. Mnubi alifunika na kuhifadhi. Sisi tunafunika na kufuta, tena kwa michango ya waumini wenyewe. Huo ni uzembe, na hauna udhuru wa umaskini, maana simu yenye kamera ipo karibu kila kigango.

Kamati za parokia zinazojiandaa kupaka rangi mwaka huu zianze na hili: kila picha ipigwe picha, jina la fundi na mwaka viandikwe kwenye daftari la parokia kabla wazee wanaomkumbuka hawajaondoka, na nakala ipelekwe jimboni.