Nyumba ya Marehemu Baba: Ibomolewe au Itengenezwe?

Tuchukue mfano wa ndugu watatu wa Mwanza. Baba yao amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye amewaachia nyumba kuukuu katikati ya mji: msingi wa mawe ya majabali, kuta nene za matofali, mlango wa mbao ulionakishiwa, na mabati yaliyokwisha liwa na kutu. Kaka mkubwa, akaaye Dar es Salaam, asema, "Tuiuze, kila mtu achukue fungu lake." Dada wa kati ni mjane, akaa ndani ya nyumba hiyo pamoja na watoto wake wanne, wala hana pengine pa kwenda. Mdogo wao, kijana, asema, "Hii ni nyumba ya wazee wetu, tuitengeneze." Kila mmoja ana hoja yake. Je, ni yupi aliye katika haki?

Swali hili si dogo. Ndugu wengi walionyonya titi moja wamefarakana kwa ajili ya kiwanja, na nyumba nyingi zimeangukia watu kwa sababu wenyewe walikuwa wakibishana ilhali mvua inanyesha. Basi yafaa tulitazame kwa utulivu.

MJI NA NYUMBA ZAKE

Mwanza si mji wa jana. Wajerumani waliufanya kituo cha utawala wao mwaka 1892. Mwaka 1906 alifika tabibu wao mashuhuri, Robert Koch, alipokuja pande za Ziwa kuchungua maradhi ya malale, na mpaka leo kipo kilima katikati ya mji kiitwacho kwa jina lake. Mwaka 1916 Waingereza wakautwaa mji katika vita. Mwaka 1928 reli ikafika kutoka Tabora, na pamoba na biashara vikapata njia fupi ya kwenda pwani. Wahindi, Waarabu na Waswahili waliotoka pwani na Tabora wakafungua maduka, na nyuma ya duka au juu yake wakajenga makao ya watoto wao.

Nyumba hizo zilijengwa kwa akili. Kuta nene huzuia joto la mchana, baraza hukinga mvua na jua, ua wa ndani huwapa wanawake na watoto nafasi ya kukaa kwa sitara. Anayesema kuwa hizi ni takataka za kale hajapata kulala mchana wa jua kali chini ya dari fupi ya nyumba mpya isiyo na dirisha la kutosha.

Lakini uzuri wa kale hautoshi kuisimamisha nyumba. Na tukitaka kujua namna nyumba ya kale inavyookoka na namna inavyopotea, hatuna budi kwenda Unguja, kwani huko yamo majumba mawili yaliyosimama pwani moja, na kila moja lina mafunzo yake.

MAJUMBA MAWILI YA UNGUJA

La kwanza ni lile liitwalo Dispensari ya Zamani, linalotazama bandari. Msingi wake uliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, aliyekusudia liwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla ya kazi kwisha, na jumba likamalizika mwaka 1894. Mwaka 1900 lilinunuliwa na Haji Nasser Nurmohamed, naye akalifanya mahali pa kutoa dawa kwa njia ya sadaka, na ghorofa za juu zikawa makao ya watu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kazi hiyo ilikoma, jumba likakosa wa kulitazama, na baraza zake nzuri za mbao zilizochongwa zikaanza kuoza. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilichukua ukalitengeneza upya, na katika kazi hiyo mafundi wa hapo hapo Unguja wakafundishwa tena ufundi wa chokaa na wa mbao uliokuwa ukipotea. Leo jumba limesimama.

La pili ni Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Lilistahimili mizinga ya Waingereza mwezi wa Agosti 1896, ambayo iliharibu majumba jirani yake. Lakini lisiloangushwa na mizinga liliangushwa na maji na miaka. Mwaka 2012 sehemu yake moja ilibomoka, likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulitengeneza ilipokuwa ikiendelea kwa msaada wa Serikali ya Oman, upande wa mbele pamoja na mnara wake wa saa uliporomoka, na wafanyakazi wawili wakafariki dunia chini ya kifusi.

Tazameni, enyi wasomaji: Mji Mkongwe una mamlaka yake maalumu ya kuuhifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo sheria na sifa hazikuweza kulizuia jumba lisianguke baada ya ugonjwa kuachwa muda mrefu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pengine ukuta wenyewe hukuangukia kabla hujaujenga.

ADUI NI MAJI

Nyumba ya kale haifi kwa uzee, hufa kwa maji. Katika majumba ya Unguja, sakafu za juu hulazwa juu ya boriti za mikoko zilizoingizwa ukutani. Paa likivuja, maji huteremka ndani ya ukuta na kuichukua chokaa na udongo ulioshika mawe, na vichwa vya boriti huoza mahali pasipoonekana. Mwenye nyumba huona doa dogo tu darini, na huku nyumba imekwisha kukatika mifupa.

Hapa Mwanza vifaa ni vingine lakini adui ni yule yule, na anaye msaidizi wake, mchwa. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza na afuate utaratibu huu. Kwanza, kabla ya lolote, nyumba yenye nyufa kubwa au ukuta uliofura iegemezwe kwa nguzo, na watu wahamishwe sehemu ile. Uhai hautangulizwi na chochote. Pili, paa lizibwe, na mifereji iwekwe ya kuyachukua maji mbali na msingi, kwani mji wetu ni wa vilima na maji ya mvua hushuka kwa nguvu. Tatu, mbao zichunguzwe kwa kuchomwa na ncha ya chuma mahali zinapoingia ukutani, iliyooza itolewe. Nne, ndipo kuta zitengenezwe. Na mwisho kabisa ndiyo lipu na rangi.

Wengi hugeuza mambo: huanza na rangi, kwa kuwa ndiyo ionwayo na wageni.

Tena wajihadhari na saruji. Saruji ni kitu chema katika nyumba iliyojengwa kwa saruji. Lakini ukuta wa kale wa matofali laini na udongo au chokaa huvuta unyevu na kuutoa, kama mtu avutavyo pumzi. Ukiupaka saruji nzito nje, unyevu hukosa njia, hujikusanya ndani, na baada ya miaka michache lipu hubanduka na kuondoka na uso wa tofali. Chokaa hukauka polepole na huhitaji fundi mwenye subira, lakini hupatana na ukuta. Basi atafutwe mwashi anayeijua, na kijana akae karibu naye ajifunze. Ufundi huu nao ni riziki.

Na ule mlango wa nakshi, asidanganyike mtu akauuza kwa mgeni kwa bei ya chakula cha mwezi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango iliyochongwa hapa Afrika kabla ya mwaka 1940, wala haitolewi nchini bila ya kibali.

HAKI ZA WARITHI

Sasa turudi kwa ndugu zetu watatu. Kijana anaipenda nyumba, na kupenda ni kuzuri. Lakini nyumba si yake peke yake. Mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha kila mrithi hupewa fungu lake. Hapana ruhusa ya kumnyima dada haki yake kwa kisingizio cha kuhifadhi jina la baba, wala kumtoa mjane na mayatima barabarani kwa kisingizio cha kugawana upesi.

Njia iko. Nyumba ithaminiwe na mtu mwaminifu. Mwenye haja ya fedha anunuliwe fungu lake na wenzake, hata kwa malipo ya kidogo kidogo yaliyoandikwa na kushuhudiwa. Chumba cha mbele kitengenezwe kwanza, kipangishwe kwa duka, na kodi yake ilipe mabati ya vyumba vya nyuma. Na kama warithi wote waliotimia akili wataridhika kwa hiari yao, na mafungu ya watoto wadogo yakalindwa, wanaweza kuyafanya mafungu yao wakfu, pato lake litunze kwanza nyumba yenyewe na kinachobaki kiwafae wenye haja. Wazee wa Unguja waliweka wakfu majumba mengi kwa namna hii. Lakini wakfu usio na msimamizi mwaminifu na daftari la hesabu ni jina tu, na paa lake huvuja kama mapaa mengine.

Na ikiwa mwashi mwaminifu, baada ya kuitazama, atasema nyumba imekwisha haribika hata haiokoleki, basi ibomolewe kwa hadhari, na mlango na mawe yake yatumiwe katika nyumba mpya. Hilo nalo si aibu. Aibu ni kuiacha isimame hivi hivi, wala haitengenezwi wala haibomolewi, mpaka siku ya masika iwaangukie watoto wa dada yetu wamelala.

Vuli haingoji baraza la ndugu limalizike. Basi msomaji uliye na nyumba ya namna hii, usilale leo kabla hujaupanda ukuta kwa ngazi ukatazama paa la baba yako. Na ukiona palipotoboka, paite ndugu zako kwa jambo hilo moja kwanza. Watu waliokwisha kushika ngazi pamoja, huenda ikawa wepesi kwao kushika na kalamu pamoja, Inshallah.