Saa Zinazohesabiwa na Kazi Isiyohesabiwa: Mazingira ya Kazi ya Marubani wa Ndege Ndogo katika Mkoa wa Simiyu na Ukanda wa Serengeti

Utangulizi

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga, una makao yake makuu mjini Bariadi. Kwa kawaida, msafiri wa Bariadi anayehitaji ndege ya ratiba huenda Mwanza kwa barabara kupitia Lamadi. Hata hivyo, mkoa huu unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na ndani yake limo Pori la Akiba la Maswa. Katika ukanda huo ndege ndogo husafirisha watalii, na nyingine hufanya doria dhidi ya ujangili. Makala haya yanafafanua mazingira ya kazi ya marubani wa ndege hizo. Hoja kuu ni kwamba saa za kuruka, zikitumiwa kama kipimo pekee, huficha sehemu kubwa ya kazi yao.

Vipimo vya kisheria

Rubani aliyeajiriwa Tanzania Bara hulindwa na mifumo miwili. Wa kwanza ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayoweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki na saa 9 kwa siku, pamoja na likizo ya mwaka ya siku 28. Wa pili ni kanuni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambazo msingi wake wa kimataifa ni Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Mfumo huu wa pili hutofautisha muda wa kuruka na muda wa zamu, kwa kuwa uchovu hutokana pia na ukosefu wa usingizi, kukaa macho kwa muda mrefu na uzito wa kazi yenyewe.

Kazi isiyoonekana katika saa

Saa 5 za kuruka zinaweza kuwa kazi mbili tofauti. Kwa safari za saa 1 na dakika 15, rubani huruka na kutua mara 4. Kwa safari za dakika 30, hufanya hivyo mara 10. Kuruka na kutua ndizo hatua zinazodai umakini mkubwa zaidi. Aidha, ndege kama Cessna Caravan, yenye injini moja, imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Pasipo rubani msaidizi, mtu huyo huyo hufuatilia hali ya hewa, huwasiliana kwa redio na hufanya uamuzi wa mwisho. Kiwanjani, mara nyingi ndiye anayehakiki uzito wa mizigo, kuwapokea abiria na kuwaeleza taratibu za usalama.

Mazingira ya kijiografia huongeza mzigo huo. Seronera iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya mwinuko huo, pamoja na joto la mchana, huilazimu ndege kutumia umbali mrefu zaidi ili kupaa. Viwanja vingi vya porini ni vya udongo au changarawe, havina taa, na wanyama huweza kuingia katika njia ya kurukia. Kwa hiyo, safari ikichelewa asubuhi, shinikizo la kumaliza ratiba kabla ya jua kuzama humwelemea rubani jioni, wakati ambapo tayari amechoka.

Hatari ya mahali pa kazi

Tarehe 29 Januari 2016, Roger Gower, rubani Mwingereza wa helikopta ya uhifadhi, aliuawa kwa risasi zilizopigwa na majangili kutoka ardhini katika Pori la Akiba la Maswa. Gower hakuwa rubani wa shirika la abiria, na kifo chake hakikutokana na uchovu. Tukio hilo linadhihirisha jambo jingine: rubani anaweza kuwa ndani ya ukomo wote wa saa na bado akawa katika hatari kubwa kazini.

Hitimisho

Hivyo basi, utafiti kuhusu ajira ya marubani wa ndege ndogo hauna budi kusoma kwa pamoja kumbukumbu za saa za kuruka, idadi ya mitua, majukumu ya ardhini na hali ya kila kiwanja. Mwajiri anayetimiza ukomo wa saa ametimiza sharti la lazima, lakini bado hajathibitisha kwamba kazi ni salama.