Dawa ya Kuziba Rejeta na Mipaka Yake

Miongoni mwa mambo yanayomtia mwenye motokaa fadhaa akiwa safarini, hususan katika njia ya milima kama ile ipandayo Kitonga kuelekea Iringa, hakuna lizidilo kuuona mshale wa joto ukipanda na mvuke ukifuka chini ya boneti, ilhali gereji iko mbali na jua limekwisha kuchwa. Hapo aghalabu hutokea mwenye shauri, utingo wa lori au muuza petroli, akataja kichupa cha dawa ya kuziba rejeta. Na kichupa kikikosekana, yai bichi au pilipili manga iliyosagwa. Shauri hilo si la kupuuzwa, wala si la kufuatwa kwa pupa. Kwani dawa hiyo ina kazi yake, na kazi hiyo ni ndogo kuliko wauzaji wanavyoisifu.

Yafaa ikumbukwe kwamba maji yazungukayo katika injini hayako katika hali ya maji yaliyo sufuriani. Kifuniko cha rejeta kina springi iliyowekwa makusudi ili iyafungie maji kwa shinikizo la ratili 13 hadi 16 hivi kwa kila inchi ya mraba, na kwa sababu hiyo maji ambayo pwani yangechemka kwa nyuzi 100 za sentigredi, na Iringa, mji ulioinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, kwa nyuzi 95 hivi, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Basi tundu lisilozidi ncha ya sindano, ambalo gari likiwa limepoa halitoi hata tone, hufoka gari lipatapo moto; na shinikizo lipunguapo, maji huwahi kuchemka. Shinikizo hilo hilo lisukumalo maji nje ndilo liipelekayo dawa mahali pa kuvuja.

Dawa zenyewe, ijapokuwa majina yake dukani ni mengi, asili zake ni chache. Zipo za unga wa mimea na nyuzinyuzi: kampuni ya General Motors ya Marekani iliwahi kutia katika baadhi ya injini zake, zikiwa bado mpya, vidonge vya namna hiyo vyenye tangawizi iliyosagwa, wala madereva wa malori wa Bara Hindi, watiao manjano ya jikoni, hawako mbali na hekima hiyo. Zipo pia zenye chembe laini za alumini au shaba. Katika aina zote mbili jambo ni moja: chembe huelea majini mpaka zifike penye tundu, zikachukuliwa na mkondo utokao, kubwa zikakwama mlangoni na ndogo zikajipanga nyuma yake, na maji yaliyozilowesha yakishakauka kwa hewa ya nje, hubakia kizibo. Aina ya tatu ni silikati ya sodiamu, kimiminika ambacho kikikutana na moto mkali na kupoteza maji yake hugeuka kigumu. Nacho hukusudiwa zaidi gasketi ya silinda hedi, tena aghalabu hakiafikiani na kulanti, bali huganda uteute, ndiyo maana sharti kulanti imwagwe yote kabla ya kukitia. Ama yai, ute wake huanza kuganda kwa nyuzi 60 na kitu, na maji ya injini iliyokwisha kupata moto yamezidi hapo. Basi huganda popote lilipo, vipande vipande, likaacha na uvundo. Mimi sioni udhuru wa kulitumia illa porini, pasipo na msaada wowote.

Fundi wa jahazi atiapo kalafati, huutafuta mwanya kwa macho na kidole, akaishindilia pamba yake hapo hapo na si penginepo. Dawa ya rejeta haina jicho wala kidole. Ikizidi kipimo, au ikikuta mfumo uliojaa kutu na magamba, huganda penye wembamba wowote, na wembamba uliozidi ni wa mirija ya hita. Hasara hii kwetu hujificha, maana ni nani Dar es Salaam afunguaye hita? Mtu atakuja kujua siku atakayofika Njombe mwezi wa Julai, alfajiri, afungue hita nayo impulizie baridi.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kichupa, na ichunguzwe kwanza asili ya uvujaji. Alama nyeupe au ya kijani iliyokauka juu ya mapezi ya rejeta yaonyesha tundu dogo, na hilo ndilo dawa iliwezalo. Mpira uliopasuka, sili ya pampu ya maji iliyokwisha, au ufa katika tangi la plastiki ufungukao kila joto lipandapo, haya si ya dawa kabisa. Na ikiwa maji yapungua bila tone kuonekana chini, huku oili imegeuka rangi ya maziwa au bomba la moshi latoa moshi mweupe usiokoma, basi kuna shaka kubwa ya gasketi, na kuendelea na safari ni kuihatarisha injini nzima.

Aliyelazimika kuitumia na asubiri injini ipoe kabisa, kwani kufungua kifuniko cha moto ni kujimwagia mvuke usoni. Kisha apunguze maji kidogo, aimimine dawa ndani ya rejeta yenyewe wala si katika chupa ya akiba, kwa kipimo kilichoandikwa, akikumbuka kwamba mfumo wa gari dogo aghalabu hauchukui zaidi ya lita 5 hadi 7. Hita ifunguliwe hadi mwisho wa joto ili dawa isilale mirijani, na injini iachwe ingurume taratibu mpaka themostati ifunguke na dawa izunguke kote.

Akifika mjini, asijidanganye kwamba amepona. Rejeta ya kale ya shaba yaweza kutiwa lehemu ikadumu miaka, lakini lehemu haishiki juu ya mabaki ya dawa. Na hizi za alumini zenye tangi la plastiki aghalabu hubadilishwa tu. Tafadhali, msomaji, mwambie fundi mapema kwamba ulitia dawa, na ya aina gani, ili aisafishe rejeta kabla hajawasha moto wake.