Mbolea ya Turkana Imelala Zizini

Kila mvua inapokaribia, maswali kutoka Lodwar na Kakuma huwa yale yale: tununue mbolea gani, na je, ni kweli samadi ya mbuzi huchoma mimea na kuchafua hewa? Mara nyingi anayeuliza ameshapitiwa na mchuuzi wa chupa za “kirutubisho” zisizoandikwa kilichomo ndani. Kuhusu hewa, gesi inayostahili kumshughulisha mkulima wa Turkana haitoki sana shambani. Inatoka zizini, na hutengenezwa na nitrojeni ile ile ambayo mtama wa kando ya mto Turkwel unaikosa. Anayehamisha samadi kutoka zizini hadi shambani anapunguza gesi na kulisha udongo kwa safari moja.

Gesi yenyewe ni nitrasi oksaidi, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Mbuzi hula nyika pana mchana kutwa, kisha usiku hukojoa na kunya mahali pamoja. Nitrojeni ya malisho yote hayo inarundikana ndani ya duara dogo la miiba lisilo na mzizi hata mmoja wa kuifyonza. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitreti, na gesi kidogo huvuja katika hatua hiyo. Mvua ikinyesha, samadi hulowa na kukosa hewa ndani, na kundi jingine la bakteria, kwa kukosa oksijeni, hupumua kwa nitreti. Nitreti ikiwa kidogo, bakteria hao huimaliza kazi na kutoa nitrojeni ya kawaida isiyodhuru. Ikizidi, kazi huachwa njiani na kinachotoka ni nitrasi oksaidi. Ukame haupunguzi jambo hili. Mwaka 1958, H. F. Birch, aliyekuwa mtafiti Muguga, alionyesha kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa, vijidudu vyake huzinduka na kumeng’enya mboji kwa kasi kubwa. Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, tena kwa vipindi vya ghafla, kwa hiyo mzinduko huo hujirudia kila mvua inapopiga ardhi kavu. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya mifugo ya ILRI, walichapisha vipimo vya mazizi ya Kenya, yanayotumika na yaliyohamwa. Gesi ilizidi ya nyika jirani mara nyingi mno, na mahame yaliendelea kuitoa kwa miongo kadhaa. Walikadiria kuwa mahame ya Afrika kusini mwa Sahara huchangia kama asilimia 5 ya nitrasi oksaidi yote inayosababishwa na binadamu barani.

Kwani samadi hiyo haitatoa gesi ikifika shambani? Itatoa, lakini kiasi hutegemea nitrojeni iliyozidi mahitaji ya mmea, na mashamba yetu mengi hayana ziada hiyo. Vipimo vya mashamba ya wakulima wadogo huko Nyando, magharibi mwa Kenya, vilikuta gesi kidogo sana. Wengine husema Kenya huchangia sehemu ndogo mno ya gesi za dunia, basi tuachwe. Ni kweli, na mfugaji wa Kakuma hadaiwi deni la viwanda vya wengine. Ndiyo maana sababu ya kwanza hapa ni mavuno. Pingamizi lenye uzito ni la migunga, ewoi kwa Kiturkana. Mwaka 1995 Robin Reid na James Ellis walieleza jinsi miche yake inavyoota kwa wingi kwenye mahame ya Turkana kusini, kutokana na mbegu zilizopita tumboni mwa mifugo. Basi hame lenye miche liachwe. Samadi ichukuliwe kwenye mazizi ya kudumu yanayozunguka miji, ambako inarundikana mwaka hadi mwaka.

Na jamani, tuache kunakili ushauri wa Kitale! Chokaa na majivu hutibu udongo wenye tindikali kama wa huko. Udongo mwingi wa Turkana una magadi tayari, na kuumwagia majivu ni kuuzidishia ugonjwa. Urea ikitandazwa juu ya udongo wa aina hiyo kwenye joto, sehemu kubwa hupaa kama amonia, na pesa zako nazo. Samadi huchoma ikiwa mbichi na ikirundikwa shinani. Ikioza vizuri, haichomi.

Kwa hiyo: ioze chini ya kifuniko, ifukiwe ndani ya shimo au kitanda kilichozama kabla ya kupanda, na maji yatolewe kidogo kidogo badala ya kufurika kisha kukauka. Panapotokea ukoko mweupe wa chumvi, punguza samadi. Nyunyizia zizi maji kabla ya kuchimba na ufunike pua na mdomo, kwa kuwa vumbi lake huweza kubeba bakteria wa homa ya Q. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo kabisa.