Rekodi za zamani, kompyuta mpya: kontena zinavyoweza kusaidia

Mkaazi anayetaka kuhamisha umiliki wa kiwanja chake cha Diani huhitaji cheti cha kuonyesha kwamba hana deni la kodi ya ardhi. Baadhi ya malipo yake huenda yalifanywa kabla ya Machi 2013, enzi za mabaraza ya serikali za mitaa. Mabaraza mengi nchini yaliweka hesabu zao katika programu ya LAIFOMS, na programu za kizazi hicho ziliandikwa kwa kompyuta za wakati wake. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Rekodi hubaki ile ile, na wakati mwingine ni programu ya zamani pekee inayoweza kuifungua.

Ofisi nyingi duniani huiachia kazi hiyo kompyuta moja kuukuu iliyowekwa chini ya meza. Hapa pwani, chumvi ya baharini na umeme unaopotea ghafla haviihurumii. Diski ikifa, risiti za miaka zimekwenda nayo.

Dawa iliyozoeleka ni mashine pepe. Ndani ya seva moja huundwa kompyuta nzima ya kuigiza, yenye mfumo endeshi wake kamili, na programu ya zamani hukaa humo. Ni njia imara lakini nzito: ni kama kumjengea kila mpangaji nyumba yake, kisima chake na choo chake, ilhali alihitaji chumba kimoja tu.

Kontena ni kile chumba. Programu hufungwa pamoja na mafaili yote inayoyategemea, ikapewa mlango na kufuli, lakini hutumia kiini cha mfumo endeshi kimoja na wenzake. Huwaka kwa sekunde chache na hula kumbukumbu kidogo. Jina limetokana na makontena ya mizigo kama yale ya Kilindini: meli haijali ndani mna chai au vipuri. Docker, programu iliyoieneza njia hii, ilitangazwa Machi 2013, mwezi ule ule Wakenya walipowachagua magavana wa kwanza.

Kwa programu zenye madirisha na vitufe, kazi ni ngumu zaidi. Seva nyingi hutumia Linux, hivyo programu ya Windows huhitaji mkalimani, kama Wine, na si kila programu huelewana naye. Ikikubali, skrini yake hupelekwa kwenye kivinjari, na karani wa Msambweni huifungua kwa kompyuta ya kawaida. Ikikataa, mashine pepe ndiyo jibu, hasa pale programu inapotegemea kifaa fulani cha zamani.

Kontena haizibi matundu ya usalama ya programu kuukuu, kwa hiyo isiachwe wazi kwenye intaneti. Data nayo lazima ihifadhiwe nje ya kontena, na nakala yake kwingine, maana kontena likifutwa, kilichomo hufutika.

Kwa upande wako, tunza risiti halisi za zamani na uzitolee nakala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako zinazohifadhiwa na ofisi ya umma, na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa.