Kompyuta Ikienda kwa Fundi: Jinsi ya Kuepuka Kupoteza Data

Kompyuta ikikataa kuwaka, wengi huibeba moja kwa moja hadi kwa fundi na kuuliza mambo mawili: itagharimu pesa ngapi, na itakuwa tayari lini. Swali la tatu huulizwa mara chache, ingawa ndilo lenye uzito zaidi: faili zilizomo zitakuwaje? Mashine inaweza kurudi ikiwa safi na yenye kasi, lakini bila hesabu za chama, alama za wanafunzi, orodha ya wadeni wa duka au picha za mzazi aliyefariki. Hapo fundi atakuwa amemaliza kazi aliyopewa, na mwenye mashine atakuwa na hasara ambayo pesa haziwezi kuiondoa.

Makala haya yanaeleza jinsi data hupotea wakati wa matengenezo, hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua kabla ya kuacha mashine yake, na haki alizo nazo kisheria.

Faili hupoteaje?

Mara nyingi data haipotei kwa sababu fundi ana nia mbaya. Hupotea kwa sababu alichoombwa ni kuifanya mashine ifanye kazi, na njia ya haraka ya kufanya hivyo ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

Njia ya kwanza, na ya kawaida zaidi, ni kupakia Windows upya. Kompyuta yenye virusi, iliyo nzito au inayogoma kufunguka hufomatiwa, kisha Windows ikawekwa tena. Watu wengi huweka kazi zao zote kwenye uso wa kompyuta au katika folda za kawaida za nyaraka na picha. Sehemu hizo kwa kawaida ziko ndani ya kizigeu kilekile cha C ambacho Windows hukalia. Kikifomatiwa, zote huenda pamoja nacho.

Njia ya pili ni kubadilishiwa diski. Diski ikiwa imeharibika, fundi huweka mpya na ile ya zamani hubaki dukani, na faili hubaki ndani yake. Kwa mashine zilizo chini ya dhamana, kampuni nyingi hueleza katika masharti yao kwamba haziwajibiki kwa data, na huenda zikabadilisha diski au mashine nzima bila kurudisha ya kwanza.

Njia ya tatu huwashangaza wengi. Laptopu nyingi za siku hizi huja diski yake ikiwa imefungwa kwa msimbo, na mwenyewe hana habari. Katika Windows ulinzi huu huitwa BitLocker. Bodi kuu ikibadilishwa, au mipangilio fulani ikiguswa, mashine huomba ufunguo wa tarakimu 48. Asiyekuwa nao hawezi kufungua faili zake, hata kama diski ni nzima kabisa. Ufunguo huo kwa kawaida huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumiwa kuandaa mashine. Aliyesahau akaunti hiyo, au aliyefunguliwa na muuzaji kwa barua pepe asiyoijua, yuko hatarini.

Njia ya nne ni diski kufa yenyewe. Diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka ikianza kutoa mlio wa kugongagonga, kila jaribio la kuiwasha laweza kuongeza uharibifu. Inafaa izimwe mara moja na fundi aelezwe hivyo kabla hajaigusa.

Mwisho, mashine inaweza kuibwa dukani, kuchanganywa na ya mteja mwingine, au kuachwa muda mrefu bila kuchukuliwa. Kenya ina sheria kuhusu bidhaa zisizochukuliwa, Sura ya 38, ambayo humruhusu fundi kuuza kifaa kilichotelekezwa baada ya muda kupita na ilani kutolewa. Kifaa kikiuzwa, data iliyomo huenda nacho.

Je, kilichofutwa kinaweza kurudishwa?

Jibu hutegemea aina ya diski. Katika diski ya sahani zinazozunguka, kufuta faili au kufomati kwa haraka huondoa tu orodha inayoonyesha faili iko wapi. Faili yenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo sababu mtu aliyepoteza data katika diski ya aina hii anashauriwa kuacha kuitumia mara moja. Kila programu inayowekwa na kila picha inayopakuliwa inaweza kufunika kile anachotafuta.

Diski za SSD, zilizomo katika laptopu nyingi mpya, hufanya kazi tofauti. Faili ikifutwa, mfumo huiarifu diski kwamba nafasi hiyo haihitajiki tena, na diski huisafisha yenyewe. Uwezekano wa kurudisha data hapo ni mdogo sana. Kasi inayofanya SSD ipendwe huja na gharama hiyo: kosa la dakika chache huwa la kudumu.

Hatari ya pili: data kuonwa na wengine

Kuna pia data ambayo haipotei bali husambaa. Neno la siri la kuingilia Windows halizuii mtu kutoa diski, kuichomeka katika kompyuta nyingine na kusoma kila kitu, isipokuwa diski iwe imefungwa kwa msimbo. Kivinjari kilichohifadhi maneno ya siri kinaweza kumfungulia mtu barua pepe, eCitizen au iTax ya mwenye mashine.

Mnamo 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walichapisha matokeo ya jaribio ambapo laptopu zilipelekwa kwa maduka 16 ya matengenezo zikiwa zimewekwa programu ya siri ya kurekodi yanayotendeka. Katika maduka 6, mafundi walifungua data binafsi ya wateja. Katika maduka 2 kati ya hayo, walinakili data hiyo kwenye kifaa chao. Watafiti waliona pia kwamba maduka mengi huomba neno la siri hata kwa kazi ya kubadilisha betri, ambayo haihitaji neno la siri kamwe.

Mafundi wengi ni waaminifu, na jina jema ndilo mtaji wao. Hata hivyo, mteja hana haja ya kumjaribu mtu yeyote kwa kumwachia asichohitaji.

Hatua za kuchukua kabla ya kuacha mashine

Ikiwa kompyuta bado inawaka, hata kwa taabu, mwenye mashine anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Kunakili faili muhimu kwenye diski ya nje, flashi au hifadhi ya mtandaoni. Kisha afungue nakala chache katika kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado si ya kutegemewa. Anayetumia kompyuta ya saiba kwa kazi hii ahakikishe hakuna faili iliyobaki humo.

2. Kutafuta ufunguo wa BitLocker katika akaunti yake ya Microsoft na kuuandika kwenye karatasi inayobaki nyumbani.

3. Kutoka katika akaunti zote: barua pepe, WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta, huduma za benki na za serikali. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari yaondolewe.

4. Kumfungulia fundi akaunti ya muda katika Windows badala ya kumpa neno la siri la mwenyewe.

5. Kuuliza kama diski inahitajika kwa kazi hiyo. Kubadilisha kioo, kibodi au tundu la chaji hakuhitaji faili za mteja. Katika laptopu ambazo diski hutolewa kwa urahisi, mteja anaweza kuomba itolewe mbele yake aende nayo nyumbani.

6. Kudai stakabadhi iliyoandikwa. Iwe na tarehe, aina ya mashine na nambari yake ya utambulisho, tatizo lililoelezwa, na sentensi kama hii: "Diski isifomatiwe wala kubadilishwa bila idhini ya mwenyewe. Diski ya zamani irudishwe." Pande zote mbili zitie saini. Picha ya stakabadhi hiyo kwenye simu husaidia ikipotea.

Ikiwa mashine haiwaki kabisa, data mara nyingi bado ipo, kwa kuwa kinachoharibika mara kwa mara ni chaji, bodi au kioo. Fundi aombwe kwanza kutoa diski na kunakili faili kwenye diski ya mteja, mteja akiwapo, kabla ya kazi nyingine kuanza. Katika baadhi ya laptopu nyembamba, hifadhi imeunganishwa moja kwa moja na bodi kuu na haiwezi kutolewa. Kwa mashine kama hizo, nakala iliyofanywa mapema ndiyo kinga pekee ya uhakika.

Mashine ikirudi, ikaguliwe kabla ya malipo ya mwisho: faili zipo, na diski ni ileile. Baadaye maneno ya siri yabadilishwe.

Wanaotunza data za wengine

Mwalimu mkuu, mweka hazina wa chama, mwenye zahanati na mwajiri wana mzigo wa ziada, kwa sababu majina, nambari za vitambulisho na rekodi za afya zilizomo si mali yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayedhibiti data binafsi kuilinda isipotee wala kufikiwa na wasiohusika. Data ikifikiwa na mtu asiyeidhinishwa, na kukiwa na hatari halisi ya madhara kwa wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Biashara ndogo yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 inaweza kusamehewa usajili, kutegemea kazi inayofanya. Hata hivyo, haisamehewi wajibu wa kulinda data.

Kompyuta ya aina hii haifai kuachwa kwa fundi ikiwa na rekodi ndani yake. Diski itolewe, au kazi ifanyike afisini huku mhusika akishuhudia.

Haki za mwananchi

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, ikiwemo habari za familia na mambo yake binafsi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamwadhibu anayekiuka ulinzi wa kompyuta kwa makusudi ili kuingia bila idhini. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Anayeamini data yake imetumiwa vibaya anaweza kulalamika kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaruhusu malalamiko ya maandishi au ya mdomo, na uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Mashine ikiibwa dukani, taarifa itolewe kituo cha polisi na mwenyewe apewe nambari ya OB.

Kwa hasara iliyosababishwa na uzembe, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Hapo ndipo stakabadhi iliyotiwa saini huwa ushahidi, kwani bila hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba fundi alikatazwa kufomati.

Mahakama inaweza kuamuru fidia ya shilingi. Haiwezi kurudisha daftari la chama la miaka mitano wala picha ya mazishi. Kwa hiyo nakala ifanywe kabla kompyuta haijaharibika, angalau mara moja kwa mwezi, na ihifadhiwe mahali tofauti na kompyuta yenyewe. Atakayefanya hivyo atampelekea fundi mashine tu, na cha kujadiliana kitakuwa bei na siku ya kuichukua.